Sura ya Sita: Baada ya Muhuri

Mwanzoni mwa Mei 2001, katika kituo cha pumu na mzio cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanamke wa miaka 24 aliketi akavuta kwa mdomo mvuke wa dawa iitwayo heksamethoniamu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa fundi wa maabara kituoni hapohapo, amejitolea kushiriki utafiti uliotaka kujua kinachozifanya njia za hewa za mtu mwenye afya zibaki wazi hata zinapochokozwa. Akimaliza hatua zote angelipwa dola 365. Kesho yake akaanza kukohoa. Siku chache baadaye akalazwa, mapafu yakazidi kushindwa kazi, na tarehe 2 Juni akafariki dunia.

Utafiti huo haukufanywa uchochoroni. Ulilipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliongozwa na daktari mzoefu, na ulikuwa umepita mbele ya kamati ya maadili ya chuo. Andiko lilisomwa, fomu ya ridhaa ikapitishwa, kibali kikatoka. Lakini fomu ile iliiita heksamethoniamu dawa, bila kueleza kwamba ilikuwa imeondolewa sokoni tangu 1972, wala kwamba haikuwahi kuidhinishwa kutumiwa kwa kuvutwa. Zamani ilikuwa ya wagonjwa wa shinikizo la damu, na majarida ya tiba ya miaka ya 1950 yalibeba taarifa za wagonjwa walioharibika mapafu. Mtafiti aliitafuta katika hazina ya makala ya PubMed, ambayo wakati huo ilianzia mwaka 1966, hivyo yaliyochapishwa kabla ya hapo hayakumfikia; na kamati haikudai ushahidi wa kutosha kwamba dawa hiyo ni salama ikiingia mapafuni. Linalouma zaidi ni hili: mshiriki wa kwanza, aliyemtangulia yule mwanamke, alipatwa na kikohozi kikavu na kuhema kwa shida kwa siku kadhaa. Habari hiyo haikufikishwa kwenye kamati. Mshiriki wa pili aliingizwa kabla dalili za wa kwanza hazijaisha, kisha wa tatu, naye wa tatu ndiye aliyekufa.

Tarehe 19 Julai mwaka huohuo, ofisi ya serikali inayosimamia ulinzi wa binadamu katika utafiti ilisimamisha karibu tafiti zote za binadamu zilizolipiwa na serikali ya shirikisho katika Johns Hopkins, chuo kilichokuwa kikipata fedha nyingi za utafiti wa tiba kuliko chuo kingine chochote nchini humo. Wakaguzi walikuta kamati iliyozidiwa na kazi. Maandiko mapya yalimiminika kwa mamia kila mwaka, juu ya yale ya zamani yaliyotakiwa kupitiwa upya. Mengi hayakujadiliwa kikaoni na wajumbe wote bali yalimalizwa na kikundi kidogo, na kumbukumbu za vikao zilikuwa na mapengo. Baada ya siku chache marufuku ilianza kulegezwa. Chuo kilikiri wajibu wake na kikaongeza idadi ya kamati.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mlinzi aliyesinzia getini, na tiba inayopendekezwa ni kulikaza geti: fomu ndefu zaidi, saini nyingi zaidi, vikao vingi zaidi kabla ya utafiti kuanza. Ni kweli mlinzi alisinzia. Hata hivyo, hata kama kamati ingesoma kila neno la andiko lile, nafasi ya wazi kabisa ya kuokoa maisha ilijitokeza baada ya kibali kutoka, siku mtu wa kwanza alipokohoa. Siku ile karatasi zote zilikuwa zimeshafungwa kwenye jalada, na kati ya mshiriki aliyekohoa na wajumbe wa kamati hapakuwa na mtu wa kupeleka habari isipokuwa mtafiti mwenyewe. Hoja yangu katika sura hii inasimama hapo. Usimamizi wa maadili katika vyuo vikuu umeweka karibu nguvu zake zote kwenye muhuri, na kwa sababu hiyo unakuwa legelege mahali penye hatari na mkali mahali pasipo na hatari. Kinachopungua ni kamati kutoka nje ya chumba cha kikao na kumfuata mtu aliyeahidiwa ulinzi.

Ili kuona tulivyofika hapa, inafaa kukumbuka kamati hizi zilizaliwa na nini. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikubaliana Azimio la Helsinki, lakini wazo la kwamba chuo chenyewe kiunde kamati ya kupima tafiti za watu wake lilishika mizizi Marekani mwaka 1966, serikali ilipoanza kuwataka wanaoomba fedha zake waonyeshe kwamba wenzao wameukagua mpango wao. Mwaka huohuo daktari Henry Beecher wa Harvard alichapisha mifano 22 ya tafiti zilizowatumia watu bila kujali haki yao, zilizofanywa na wataalamu wenye majina. Kisha mwaka 1972 ikafichuka habari ya Tuskegee, Alabama, ambako tangu 1932 wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende walikuwa wakifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana kila mahali. Hasira ya umma ilizaa sheria ya mwaka 1974 iliyozifanya kamati kuwa za lazima. Kanuni zilizofuata zinataka kamati iwe na wajumbe wasiopungua watano, angalau mmoja asiwe mwanasayansi, na angalau mmoja asiwe na uhusiano wowote na taasisi yenyewe.

Sharti la mjumbe wa nje linaeleweka vizuri ukijua kilichotokea mwaka 1969. Wengi hudhani Tuskegee iliendelea kwa miaka 40 kwa kuwa hakuna aliyeipitia. Ilipitiwa. Mwaka huo jopo la wataalamu liliitishwa na kuulizwa kama utafiti usimamishwe, na karibu wote wakaona uendelee. Aliyekuwa amelalamika ni Peter Buxtun, mtumishi wa afya ya umma ambaye hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wagonjwa wa magonjwa ya zinaa. Aliandika barua tangu 1966, na aliposhindwa akayapeleka mambo kwa waandishi wa habari. Wajuzi waliokaa mezani waliona takwimu za karibu miongo minne ambazo ingekuwa hasara kuzipoteza. Mtu wa nje aliona wagonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana mjumbe asiye mwanasayansi alipewa kiti: asaidie kuuliza kwa niaba ya anayelala kitandani. Kwa bahati mbaya tumemwita mezani halafu tukamwekea mbele kurasa 80 za Kiingereza cha kitaalamu, mmoja katikati ya maprofesa kumi, tukategemea ulinzi utokee.

Sasa tuangalie ukali mahali pasipo na hatari, na ushahidi wake, kwa namna ya kushangaza, unatoka katika chuo kilekile. Kati ya 2003 na 2005 daktari Peter Pronovost wa Johns Hopkins na wenzake walishirikiana na wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi katika jimbo la Michigan. Mgonjwa mahututi mara nyingi huwekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, na mrija huo huweza kuwa njia ya vijidudu. Mradi wao haukuwa na dawa mpya wala mashine. Ulikuwa orodha ya mambo matano: nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, mfunike mgonjwa kwa shuka safi la upasuaji nawe uvae kofia, barakoa, gauni na glavu, epuka mshipa wa kinena ikiwezekana, na mrija usiohitajika uondolewe. Wauguzi walipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Matokeo yalichapishwa Desemba 2006: maambukizi ya damu yalipungua kwa kiasi kilichofikia asilimia 66. Kamati ya chuo ilikuwa imeamua kwamba mradi huo hauhitaji kupitiwa kikamilifu. Mwaka 2007, baada ya malalamiko kufika serikalini, ofisi ileile iliyosimamisha tafiti za Johns Hopkins mwaka 2001 ikasema kanuni zimevunjwa: huu ulikuwa utafiti wa binadamu, ulihitaji kamati na ridhaa. Ukusanyaji wa takwimu ukasimama. Ilichukua hadi Februari 2008, baada ya kelele za madaktari, ofisi hiyo kutamka kwamba kazi iendelee.

Ukiwekewa visa hivi viwili mezani, ni rahisi kusema kamati zililegea mara ya kwanza na serikali ikakaza mara ya pili, basi tutafute katikati. Nadhani katikati hiyo haipo. Kosa ni moja katika visa vyote viwili: swali lililoulizwa lilikuwa la karatasi. Je, huu ni utafiti kwa tafsiri ya kanuni? Je, fomu ipo? Mwaka 2001 hakuna mjumbe aliyeuliza ni nini kimempata mshiriki wa kwanza. Wala mwaka 2007 uamuzi haukuanzia kwenye ukweli kwamba kunawa mikono hakumwingizi mgonjwa katika hatari yoyote mpya. Mfumo unaopima hatari kwa unene wa jalada hauwezi kutofautisha gesi ya sumu na sabuni.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kamati zivunjwe kabisa. Hoja yao ina uzito na haistahili kupuuzwa. Wanasema kila mwezi wa kuchelewa una vifo vyake visivyoonekana: anayekufa kwa jaribio baya ana jina na mazishi na kesi, lakini anayekufa kwa sababu tiba ilichelewa miezi minane kwenye makabati ya kamati hajulikani na yeyote. Wanasema pia kwamba kamati ya chuo inakilinda chuo dhidi ya mashtaka kwanza, na mshiriki baadaye. Kwamba wajumbe ni marafiki na wapinzani wa yule wanayemhukumu. Na kwamba mtafiti mwenye dhamiri hahitaji kamati, huku asiye nayo akiweza kuidanganya. Nakubali karibu kila sehemu ya shutuma hii ninapoitazama kama maelezo ya kamati zilivyo. Siikubali kama sababu ya kuzivunja. Madaktari wa Tuskegee hawakujiona watu waovu. Baadhi yao waliamini wanafanya kazi yenye faida kwa afya ya watu weusi. Dhamiri ya mtu mmoja huzoea anachokifanya kila siku, na hakuna kiungo cha mwili kinachouma mazoea yanapoingia. Anahitajika mtu mwingine wa kuuliza. Kuhusu wasiwasi wa kuchelewa, ndiyo, na ndiyo sababu ninataka uzito uhamishwe: maandiko yasiyo na hatari yapite kwa haraka, dodoso la mwalimu wa historia lisisubiri foleni moja na chanjo mpya, na muda unaookolewa hapo utumike kufuatilia yale yenye hatari hadi mwisho wake.

Hoja hii ingebaki ya Wamarekani peke yao kama chuo hichohicho cha Johns Hopkins kisingekuwa pia na miguu yake Afrika Mashariki. Katika wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, jirani na mpaka wa Kagera, watafiti wa Makerere, Columbia na Johns Hopkins waliendesha kuanzia 1994 hadi 1998 jaribio kubwa la kutibu magonjwa ya zinaa vijijini ili kuona kama maambukizi ya VVU yangepungua. Watu zaidi ya 15,000 walishiriki, wakitembelewa majumbani na kutolewa damu kila baada ya miezi kadhaa. Baadaye, wakichambua takwimu zao, watafiti waliwatambua wapenzi na wanandoa 415 ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwenzake hana. Waliweza kuona ni nani aliyeambukizwa katika kipindi kilichofikia miezi 30. Walikuwa 90. Makala iliyotoka Machi 2000 ilikuwa miongoni mwa zilizobadilisha ujuzi wa UKIMWI duniani, kwani ilionyesha kwamba kiasi cha virusi katika damu ndicho kinachoamua sana uwezekano wa kuambukiza, na kwamba waliokuwa na virusi chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Leo mhudumu wa kliniki anapomwambia mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri kwamba hatamwambukiza mwenziwe, maneno hayo yana mzizi wake, pamoja na mingine, katika nyumba za Rakai.

Katika toleo hilohilo la jarida lililochapisha makala hiyo, mhariri wake, Marcia Angell, aliandika kwamba utafiti wa namna hiyo usingewezekana Marekani. Huko daktari anayejua kwamba mgonjwa wake ana VVU angetakiwa kumtibu, na mara nyingi mwenziwe angejulishwa. Watafiti walijibu, na majibu yao hayakuwa ya kukwepa. Washiriki wote walitolewa ushauri nasaha, walipewa kondomu bure, na aliyetaka majibu ya damu yake aliyapata na kuhimizwa amweleze mwenzake. Sera ya Uganda ilikataza kumjulisha mwenzi bila ridhaa ya mwenye majibu, na katazo hilo lilikuwa na sababu: mwanamke anayetangazwa kuwa na virusi angeweza kupigwa na kufukuzwa nyumbani. Dawa za kupunguza makali hazikuwepo vijijini Uganda kwa mtu yeyote. Tena, na hili ni muhimu, vibali vyote vilikuwepo, vya New York, Baltimore na Uganda kwenyewe.

Ni hicho kipengele cha mwisho ninachotaka msomaji akishike. Vibali viliombwa kwa ajili ya jaribio la magonjwa ya zinaa. Swali gumu la kimaadili, la mke asiye na virusi anayelala kila usiku na mume mwenye virusi huku majibu yao wote wawili yamo katika kompyuta moja, lilizaliwa shambani muhuri ukiwa umeshakauka. Sidhani watafiti wa Rakai walikuwa wakatili, na sidhani jibu lilikuwa rahisi. Ninachodai ni kwamba swali lile lilistahili kurudishwa mezani wakati watu bado wangeweza kufaidika na jibu lake, mbele ya wajumbe walio na haki ya kusema tuwatembelee upya, tuongeze ushauri wa wawili kwa pamoja, tuwabembeleze kwa bidii zaidi wapokee majibu. Mjadala ulipofika mezani ulikuwa wa wahariri na wasomaji wa jarida, na wale 90 walikuwa wameshaambukizwa.

Miaka michache baadaye wilaya hiyohiyo ilitoa mfano wa kufuatilia unavyoweza kufanya kazi. Majaribio mawili ya tohara kwa wanaume, moja la Rakai kwa wanaume karibu 5,000 na jingine la Kisumu, Kenya, kwa wanaume 2,784, yalikuwa na bodi huru iliyopewa kazi ya kuangalia takwimu huku majaribio yakiendelea. Desemba 2006 bodi hiyo iliona kwamba waliotahiriwa wanaambukizwa kwa kiwango cha chini sana, karibu nusu ya wengine, ikapendekeza majaribio yote mawili yasimamishwe kabla ya muda. Wanaume waliokuwa wamepangwa kusubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Bodi za aina hiyo huundwa kwa majaribio makubwa ya tiba yenye fedha. Maelfu ya tafiti nyingine, za wanafunzi wa uzamili, za vipimo vya damu, za mahojiano na waliobakwa au wakimbizi, huachwa na kamati ya chuo peke yake, nayo kamati husubiri ripoti ya mwaka iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe.

Tazama sasa safari ya andiko nchini Tanzania. Linaanzia kwenye kamati ya chuo. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha taifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ukihusu dawa mpya unapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na Zanzibar ina kamati yake. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, hadi mwenyekiti wa kijiji, kila mmoja na muhuri wake. Kenya kuna kamati za vyuo zinazotambuliwa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, leseni ya NACOSTI yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2013, kisha kaunti, kisha chifu. Ngazi hizi zina maana. Kwa miongo mingi wageni walikuja, wakachukua sampuli na kuondoka, na nchi iliyochukuliwa haikujua hata kilichochukuliwa. Hata hivyo karibu ngazi zote zinauliza jambo lilelile, kabla ya kazi kuanza, na kwa mtu yuleyule, yaani mtafiti. Akishafika kijijini na bahasha yake ya mihuri saba, mara nyingi hakuna atakayemfuata. Wajumbe wa kamati ni wahadhiri wenye vipindi, wagonjwa na wanafunzi wanaosubiri kusahihishiwa. Kazi ya kamati wanaifanya juu ya hayo yote, na bajeti ya gari na mafuta haipo.

Na kijijini ndiko ridhaa inakofanyika. Chukua sentensi moja tu ya fomu ya jaribio la dawa, ile inayosema mshiriki atapangwa katika kundi kwa bahati nasibu. Mtaalamu anaelewa kwamba hakuna anayechagua, ili makundi yalinganishwe kwa haki. Kwa mwananchi wa kawaida bahati nasibu ni mchezo wenye zawadi. Anayeshinda anapata kitu, na anayesikia kwamba amepangwa kwa bahati nasibu ana sababu nzuri ya kuamini kwamba amebahatika. Ongeza kwamba anayesoma fomu amevaa koti jeupe, yuko katika jengo la hospitali, na anaitwa daktari hata kama ni karani wa utafiti. Mama amebeba mtoto mwenye homa. Anaulizwa kama ameelewa, anasema ndiyo, kwa sababu kumwambia daktari hujaelewa ni kumchelewesha mtoto. Shahidi anasimama pembeni, kidau cha wino kinafunguliwa, dole gumba linawekwa. Fomu hiyo itapita ukaguzi wowote duniani.

Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust wamefanya utafiti pamoja tangu 1989, watafiti walifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: waliichunguza ridhaa yenyewe, kwa kuwauliza wazazi walichoelewa. Walikuta wengi hawatofautishi utafiti na matibabu, na wengine hawajui kabisa kwamba mtoto wao yumo katika utafiti. Walikuta pia hofu juu ya damu inayochukuliwa. Pwani yetu hofu hiyo ina jina la siku nyingi, mumiani, na mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi masimulizi ya wanyonya damu yalivyoenea Afrika Mashariki nzima tangu enzi za ukoloni. Ni rahisi kuyaita ushirikina. Ukiyasikiliza vizuri, ni malalamiko ya watu wanaoona kitu cha mwili wao kikichukuliwa na wenye mamlaka, kikipelekwa wasikokujua, na majibu yasirudi. Kituo cha Kilifi kilijibu kwa kujenga mtandao wa wawakilishi wa jamii kutoka vijiji vinavyokizunguka, wanaokutana na watafiti, kupima maelezo kabla hayajapelekwa kwa watu, na kurudisha manung'uniko. Nauhesabu mtandao huo kuwa usimamizi wa maadili kwa maana kamili ya neno, ingawa haugongi muhuri wowote.

Kuna anayeweza kunirudi na kusema kwamba kufuatilia nako kumewahi kuharibu. Atanitajia hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1999 watafiti wa Makerere na Johns Hopkins walitangaza kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa inapunguza maambukizi ya VVU kwa mtoto kwa karibu nusu ikilinganishwa na dozi fupi za dawa ya AZT. Ilikuwa dawa ya bei ndogo, ya kidonge kimoja, iliyofaa zahanati isiyo na umeme. Mwaka 2002 wakaguzi walikuta kumbukumbu za jaribio zina kasoro, maombi ya kuisajili Marekani kwa kazi hiyo yakaondolewa, na kelele zilizofuata zikawatia hofu watu mbali sana na Kampala, hadi jopo la wanasayansi wa Marekani lilipothibitisha mwaka 2005 kwamba matokeo yalikuwa sahihi. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Lakini ukaguzi ule ulikagua karatasi, tena baada ya jaribio kwisha, kwa vigezo vya kusajili dawa Washington. Kama kungekuwa na watu waliokuwa wakifika wodini wakati jaribio likiendelea, kasoro za uandishi zingeonekana na kurekebishwa mapema.

Pingamizi jingine linatoka kwetu wenyewe, nalo linasema ridhaa ya mtu mmojammoja ni mazoea ya Kizungu. Huku mtu ni wa ukoo, na mzee wa kijiji au mume akikubali inatosha. Heshima kwa wazee ni haki yao, na mtafiti asiyebisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji hafai kupokelewa. Lakini sindano haiingii mwilini mwa ukoo. Mwanamke ambaye mumewe amemkubalia mlangoni anastahili kuulizwa tena, faraghani, na mtu atakayelipokea jibu la hapana bila kulipeleka kwa mume. Kwa kweli tunayo maneno ya jambo hilo tangu zamani: hata posa iliyokubaliwa na wazee wote hungoja bi harusi mwenyewe aulizwe.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Vyuo vingi hutoza ada kwa kupitia maandiko. Sehemu ya ada hiyo itengwe, na kila mwaka kamati ichague tafiti chache zenye hatari kubwa zaidi, bila kumwarifu mtafiti mapema siku gani. Waende wajumbe wawili, mmoja wao akiwa yule asiye mwanasayansi, ambaye hatimaye atakuwa na kazi anayoijua kuliko maprofesa. Wasianze na makabati. Waombe kuonana na washiriki watano, wakae nao chini ya mti au kwenye benchi la zahanati, mtafiti asiwepo, na wazungumze kwa lugha ya nyumbani ya watu hao. Maswali ni machache. Hapa unafanyiwa nini? Walikuambia damu yako inakwenda wapi? Ukitaka kuacha leo, utafanyaje, na unadhani mtoto wako ataendelea kutibiwa? Tangu uanze, kuna kilichokusumbua, na ulimwambia nani? Mama akijibu kwamba mwanawe anapewa dawa mpya iliyo nzuri kuliko ya wengine kwa sababu jina lake limeshinda, wajumbe wale wafungue simu papohapo, wampigie katibu wa kamati, na uandikishaji wa washiriki wapya usimame alasiri hiyo.